Panga za Kale za Ufilipino: Umri Hujificha Penye Mpini

Mwaka 1505 msafara wa Wareno ulioongozwa na Francisco de Almeida uliipiga Kilwa, kisha ukaichoma Mombasa. Miongoni mwa waliokuwa merikebuni alikuwamo kijana mmoja aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Magellan. Miaka 16 baadaye, sasa akimtumikia mfalme wa Hispania, alishuka kwenye maji ya kina kifupi ya kisiwa cha Mactan, huko Ufilipino, akiwa na watu 49, kwenda kumtia adabu chifu Lapulapu. Hakurudi. Antonio Pigafetta, Mwitalia aliyekuwa akiandika habari za safari hiyo, anasimulia kwamba Magellan alipigwa mshale wa sumu mguuni na mkuki wa mwanzi usoni. Kisha upanga mkubwa, mfano wa kitara lakini mnene zaidi, ukamkata mguu wa kushoto, akaanguka kifudifudi.

Ulikuwa upanga gani? Michoro na masimulizi mengi ya siku hizi yamemkabidhi Lapulapu kampilan, upanga mrefu wa kusini mwa Ufilipino. Pigafetta hakuutaja kwa jina lolote la wenyeji. Kilichobaki ni sentensi yake moja tu, na mengine yote yamejazwa na watu waliokuja baadaye.

Kila anayekusanya silaha za kale za nchi hiyo hukutana na pengo la namna hii. Muuzaji huja na upanga na kisa chake: ulitekwa vitani, ulimuua Mhispania, una miaka mia tatu. Utawala wa Hispania ulidumu kuanzia 1565, Miguel López de Legazpi alipoweka makao yake Cebu, hadi 1898, Marekani ilipovichukua visiwa hivyo kwa Mkataba wa Paris na kulipa dola milioni 20. Lakini panga nyingi zinazopita minadani zikiitwa za enzi hiyo zilifuliwa mwishoni kabisa mwa karne ya 19, au hata baada ya Wahispania kufungasha virago. Joto na unyevu wa visiwani hula chuma upesi. Isitoshe, silaha nyingi zilikuwa pia vyombo vya kazi, zikanolewa mpaka zikaisha.

Kwa hiyo wajuzi hukiweka kisa kando na kuuangalia upanga wenyewe, hasa pale bapa linapokutana na mpini. Kila eneo la Ufilipino lilikuwa na namna yake ya kuunga sehemu hizo mbili, na namna hiyo ilibadilika kadiri miaka ilivyokwenda.

Kusini: upanga wenye kiungo cha siri

Wahispania hawakuikuta nchi moja, wala hawakuiacha ikiwa na mtindo mmoja wa silaha. Kusini, katika Mindanao na visiwa vya Sulu, Uislamu ulikwishatia mizizi kabla merikebu zao hazijaonekana. Mapokeo ya Sulu yanamtaja Sharifu Abubakar, wa ukoo wa Hadhramaut, kuwa mwanzilishi wa usultani wa huko katika karne ya 15. Msomaji wa Lamu au Mombasa, ambako nako masharifu wa Hadhramaut walikita makazi, hatashangaa kuona baadhi ya panga za kusini zimechorwa maandishi ya Kiarabu, zikawa silaha na hirizi kwa pamoja.

Wahispania waliwaita watu hao Wamoro, jina lile lile walilowapa Waislamu wa Afrika Kaskazini, na wakapigana nao kwa zaidi ya karne tatu. Zamboanga ilijengewa ngome mwaka 1635. Jolo, makao ya sultani, ilishambuliwa 1638. Ngome za kisiwa cha Balanguingui zilivunjwa 1848 kwa msaada wa meli za mvuke. Jolo ikatwaliwa tena 1876. Hata hivyo sehemu kubwa ya kusini haikupata kutawaliwa sawasawa, na wahunzi wake waliendelea kufua kwa desturi zao.

Silaha yao mashuhuri ni kalis, ambayo wageni wengi huiita kris. Ni upanga wa makali kuwili, ama ulionyooka ama wenye mawimbi, na mara nyingine nusu yake imenyooka na nusu ina mawimbi. Java na Malaya wana keris yao, lakini ile ni nyembamba na ni ya kuchomea. Kalis ya Wamoro ni pana na nzito, hukata na kuchoma.

Karibu na mpini, bapa la kalis hupanuka ghafla upande mmoja na kuwa na pembe na vijino vilivyochongwa. Sehemu hiyo ya juu huitwa gangya. Katika kalis za zamani ilikuwa kipande cha chuma kilichofuliwa peke yake, kikapachikwa barabara juu ya bapa. Mkusanyaji mzoefu akipewa kalis hahangaiki kwanza na mawimbi wala na fedha ya mpini. Hutafuta mstari wa kiungo hicho. Mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo kwa kawaida huchukuliwa kuwa dalili ya kazi ya zamani zaidi, ya karne ya 18 au kabla yake. Mstari unaokwenda sawa kisha ukakata kona kuelekea ukingoni huhesabiwa kuwa wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Baadaye wahunzi wengi waliiacha kazi hiyo ngumu ya kupachika. Walifua upanga wa kipande kimoja na kuuchora mstari kwa patasi, ili umbo la zamani lionekane lipo. Mtu akiangalia kwa lenzi ataona kwamba mfuo huo hauzami ndani ya chuma, wala hautokezi upande wa pili wa unene wa bapa. Aliyeahidiwa upanga wa miaka mia tatu huwa ameshapata jibu lake hapo.

Kuna dalili za pili na za tatu. Kipande cha fedha au shaba kinachoukumbatia mkia wa bapa na kulibana na mpini huitwa asang-asang; kwenye kalis nzuri huwa kimoja au viwili, na kazi yake ya kweli ni kuushika upanga usilegee. Kichwa cha mpini mara nyingi huchongwa mfano wa kakatua, ndege wa jamii ya kasuku mwenye kishungi. Vichwa vya zamani ni vidogo, vinatosha kiganjani. Vile vikubwa vyenye kishungi kirefu na mdomo uliotokeza ni vya baadaye, vya mtu aliyetaka cheo chake kionekane hadharani.

Ndani ya mpini, mkia wa chuma hushikwa kwa utomvu mgumu wa miti. Utomvu huo ukipata joto hulainika, na ndiyo maana mipini mingi imebadilishwa zaidi ya mara moja. Bapa la babu linaweza kukaa kwenye mpini wa mjukuu. Mkusanyaji makini huandika umri wa kila sehemu mbali mbali.

Baada ya kalis kuna barong, upanga wa Watausug, Wasama na Wayakan. Bapa lake lina umbo la jani, makali upande mmoja, na mgongo mnene unaoufanya uwe mzito kuliko urefu wake unavyoonyesha. Baadhi ya barong zina alama za maandishi ya Kichina zilizogongwa kwenye chuma, ushahidi wa biashara ya Sulu na China iliyokuwa ikiendelea huku Wahispania wakijaribu kuidhibiti kutoka Manila. Barong halisi huwa na mviringo wa fedha au shaba kwenye mpini, wakati mwingine umezungushiwa kamba iliyosukwa ili mkono usiteleze.

Kampilan, ile aliyopewa Lapulapu na wachoraji, ni upanga wa Wamaranao, Wamaguindanao na Wairanun. Hufika mita moja au karibu yake, ni mwembamba penye mpini na hupanuka kuelekea nchani, ambako mara nyingi huwa na kimwiba kidogo. Kichwa cha mpini wake kimegawanyika kama kinywa kilichofunguka. Wengine huona mamba, wengine ndege hondohondo, wengine joka la baharini. Ala yake ni vipande viwili vya mbao vilivyofungwa kwa kamba au henzirani. Inasimuliwa kwamba mpiganaji hakuwa na haja ya kuuchomoa upanga: alipiga nao ukiwa ndani ya ala, makali yakakata kamba na mbao zikadondoka.

Visaya na Luzon: panga la shamba laingia vitani

Katika visiwa vya kati na vya kaskazini, vilivyokaa chini ya mapadri na magavana wa Hispania kwa muda mrefu zaidi, silaha ya kila siku ilikuwa bolo. Ni jina la jumla la mapanga ya maumbo mengi ya kukatia mwanzi, kufyekea na kuchinjia. Hapa kazi ya utambuzi ni ngumu zaidi, kwa sababu mhunzi wa kijiji alifua anachohitaji jirani yake na hakuweka alama.

Makali husaidia. Katika mapanga mengi ya Visaya, kama talibong na tenegre za kisiwa cha Panay, upande wa kushoto wa bapa ni tambarare na upande wa kulia pekee ndio ulioteremshwa kuwa makali. Mipini ya Panay nayo haisahauliki: pembe ya nyati au mbao ngumu iliyochongwa kichwa cha kiumbe chenye pua ndefu na kinywa wazi. Luzon, kwa kawaida, makali huteremka pande zote mbili.

Mafundi wa Luzon walijifunza pia kwa panga za watawala wao. Walitia kinga ya mkono ya shaba au chuma yenye umbo la herufi D au S, wakatengeneza ala za ngozi, na wakaupitisha mkia wa bapa ndani ya mpini wote hadi kutokea nyuma, ambako ulipigwa nyundo ukajaa kama kichwa cha msumari. Mtu akikuta mkia wa namna hiyo, uwezekano ni mkubwa kwamba upanga ulitoka kaskazini, si kwa Wamoro waliotumia utomvu.

Sarafu nazo hutoa ushahidi. Fedha ya kupambia mipini na ala mara nyingi ilitokana na peso za Mexico na za Hispania, na baadhi ya mafundi waliiacha sarafu nzima ikionekana mwishoni mwa mpini. Sarafu haisemi mpini ulitengenezwa lini, lakini inaonyesha kwamba haukutengenezwa kabla ya mwaka uliogongwa juu yake. Sarafu ya Ufilipino yenye nembo ya Marekani haiwezi kuwa ya enzi ya Wahispania, kwa kuwa sarafu hizo zilianza kutolewa mwaka 1903.

Katipunan, chama cha siri cha mapinduzi, kiliundwa Manila mwezi Julai 1892, na vita dhidi ya Hispania vilipoanza Agosti 1896 wanachama wengi hawakuwa na bunduki. Walikwenda na bolo walizotoka nazo shambani. Septemba mwaka huo, katika mapigano ya Imus mkoani Cavite, mwanamapinduzi Emilio Aguinaldo aliuteka upanga wa jenerali Mhispania, Ernesto de Aguirre. Ulikuwa umetengenezwa Toledo mwaka 1869, mwaka ule ule aliozaliwa Aguinaldo, naye akauchukua kuwa ishara njema. Kwa mkusanyaji, mfano huu unakumbusha kwamba silaha ya mwanamapinduzi wa Kifilipino ingeweza kuwa imefuliwa Hispania. Mabapa ya Toledo yaliyovunjika yalikatwa, yakanolewa upya na kutiwa mipini ya pembe ya nyati. Kwenye baadhi yake bado husomeka jina la kiwanda na mwaka.

Alama za Katipunan, yaani jua, pembetatu na herufi K, hupandisha bei mara moja, na kwa sababu hiyo hiyo huchongwa upya kwenye mapanga ya kawaida. Mfuo wa zamani una kutu ile ile iliyo pembeni yake, na kingo zake zimelainika kwa kushikwa. Mfuo wa juzi huwa na chuma king'avu ndani, au kutu ya rangi nyingine iliyotiwa kwa kemikali.

Milima ya Cordillera, kaskazini mwa Luzon, haikuwahi kuwekwa chini ya Hispania kikamilifu. Silaha ya kutambulisha huko ni shoka la kuwindia vichwa la Wakalinga, Wabontoc na jirani zao, lenye makali mbele na mwiba mrefu nyuma. Ngao zao za mbao huchongwa vidole vitatu juu na viwili chini.

Mizinga na dirii

Si panga peke yake. Wamoro walitumia lantaka, mizinga midogo ya shaba nyeusi iliyozunguka juu ya mhimili kwenye kingo za vyombo vyao vya baharini. Mingi ilisubiwa Brunei na kwingineko katika ulimwengu wa Kimalei, na imeigizwa sana kwa ajili ya watalii. Walivaa pia dirii za vibao vya shaba au pembe ya nyati vilivyounganishwa kwa pete, na kofia za shaba zilizofuata mtindo wa askari wa Hispania wa karne ya 16 na ya 17. Kadhaa ziko katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, zilizoachwa kwa wosia wa mkusanyaji George Cameron Stone, ambaye kamusi yake ya silaha za dunia ilitoka mwaka 1934.

Namna zilivyotawanyika

Vitu vingi vilivyoko Hispania vilipitia maonyesho makubwa ya Ufilipino yaliyofanyika Madrid mwaka 1887, ambayo Jumba la Kioo la bustani ya Retiro lilijengwa kwa ajili yake. Sehemu ya vitu hivyo ndiyo leo iko katika Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia ya mjini humo. Kwa mtafiti ni hazina, kwa sababu upanga ulioorodheshwa Madrid mwaka 1887 hauwezi kuwa wa enzi ya Wamarekani.

Wimbi kubwa zaidi lilikuja baada ya 1898. Askari, walimu na maofisa wa Kimarekani walirudi kwao na masanduku ya silaha. Nyingine ziliokotwa baada ya mauaji: huko Bud Dajo, mlima wa volkeno karibu na Jolo, mamia ya Watausug, wakiwamo wanawake na watoto, waliuawa mwezi Machi 1906. Nyingine zilinunuliwa sokoni tu. Katika maonyesho ya St. Louis, Marekani, ya mwaka 1904, Wafilipino zaidi ya 1,000 waliwekwa kwenye uwanja wa ekari 47 ili watazamwe, na kumbukumbu za huko kwao zikapata wateja wengi. Tangu hapo wahunzi walijua kwamba mgeni hununua upanga mkubwa, wenye mawimbi mengi na shaba inayong'aa.

Biashara hiyo ilikua baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Panga za miaka hiyo hutambulika kwa bapa jepesi lisilo na makali, mpini uliopambwa kwa lulumizi au alumini, na wakati mwingine jina la mji lililoandikwa kwenye ala. Nyingine zilifuliwa kwa springi za magari yaliyoachwa na majeshi. Si lazima ziwe mbaya, maana springi ni chuma cha pua kizuri, lakini hazina uhusiano na Hispania. Vibao vya ukutani vyenye ngao na panga ndogo ndogo zilizopangwa kama miale ni vya kundi hilo hilo.

Kutunza, na sheria

Kosa la anayeanza ni kusugua. Akishaipata kalis yenye kutu huiendea kwa msasa mpaka ing'ae, na huku anafuta ushahidi alioununua. Wahunzi wa Wamoro walikunja na kuunganisha tabaka za chuma laini na chuma cha pua. Mishipa ya tabaka hizo huonekana bapa likisafishwa taratibu kwa mafuta na kisha kupakwa asidi hafifu. Msasa huimaliza mishipa hiyo na hula hata vijino vya gangya. Mpini uliolegea hauhitaji gundi ya kisasa, kwa kuwa utomvu wa asili unaweza kulainishwa ukarudi kazini. Fedha na shaba ni bora ziachwe na weusi wake.

Ufilipino ina Sheria Na. 10066 ya mwaka 2010 inayolinda urithi wa utamaduni, na mtu haruhusiwi kutoa nje vitu vya namna hiyo bila kibali. Vichwa vya mpini vya pembe za ndovu huleta shida nyingine, kwa kuwa biashara ya pembe hizo hubanwa na mkataba wa kimataifa wa CITES na sheria za kila nchi. Upanga halali kumiliki katika nchi moja unaweza kutaifishwa mpakani mwa nyingine. Suala la kurudisha vitu nalo liko hai. Mwezi Desemba 2018 Marekani ilizirudisha kengele za kanisa la Balangiga, zilizochukuliwa baada ya wanavijiji wa kisiwa cha Samar kuwashambulia askari wake kwa bolo mwezi Septemba 1901. Asili ya upanga ikijulikana kuwa ni uwanja wa mauaji, mmiliki wa leo hawezi kukwepa swali hilo.

Vitabu vya kulinganishia vipo, ila havijagawanyika sawa. Orodha ya Herbert Krieger ya silaha za Kifilipino zilizoko katika makumbusho ya Smithsonian ilichapishwa mwaka 1926, na kitabu cha Robert Cato kuhusu panga za Wamoro kilitoka Singapore mwaka 1996. Kusini ndiko kulikochambuliwa zaidi. Mapanga ya Visaya na Luzon, yaliyokuwa mengi zaidi mikononi mwa watu, hayakupata kuandikwa kwa kina cha namna hiyo, na umri wake bado hukadiriwa kwa kulinganisha kipande kimoja na kingine. Hivyo bolo ya kawaida iliyofungwa karatasi ya zamani yenye mji na mwaka huwasaidia watafiti kuliko kalis ya fedha iliyokuja na kisa kitupu, japo mnadani huuzwa kwa bei ndogo.